Misitu ni Mali, Lakini Mali ya Nani?

Mwulize mwanafunzi ye yote wa shule ya sekondari sababu za kutoweka kwa misitu katika nchi yetu, naye atakujibu bila ya kusita: uchomaji wa mkaa, ukataji wa kuni, kilimo cha kuhamahama, mifugo iliyozidi malisho, moto wa ovyo, na ongezeko la watu. Atapewa alama zote, na atapewa kwa haki, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya sababu hizo iliyo ya uongo. Lakini hebu tuitazame orodha hiyo mara ya pili. Mchoma mkaa ni maskini. Mkata kuni ni mama wa kijijini. Anayehamahama na jembe lake ni mkulima mdogo. Mwenye mifugo ni mchungaji aliyepungukiwa na malisho. Kila sababu ina mtendaji wake, na kila mtendaji ni mnyonge. Mnunuzi hayumo. Mwenye kiwanda hayumo. Mwenye meli hayumo, wala mkopeshaji, wala yule anayepanga bei akiwa mbali na shamba. Kijana wetu amefundishwa kulijua shoka na mkono ulioshika shoka; hakufundishwa kuuliza gogo limekwenda wapi, limeuzwa kwa kiasi gani, na fedha zimetiwa mfukoni na nani.

Hilo ndilo jambo tunalolipinga katika makala haya. Hatupingi kupanda miti, wala hatuzibezi siku za usafi, wala hatudharau juhudi za walimu ambao kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, huwaongoza wanafunzi wao kwenda kupanda miche. Tunapinga elimu ya mazingira inayomfundisha adabu mnyonge huku ikiinyamazia tabia ya mtaji. Elimu ya namna hiyo humwacha kijana akimlaumu baba yake mkulima, na akimstahi asiyemjua ambaye ndiye aliyekula zaidi.

Neno lililokatwa mkia

Mwaka 1980 taifa letu liliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa "Misitu ni Mali". Ilifuata nyayo za kampeni mbili kubwa zilizoitangulia, "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, ambazo kwa njia ya redio, vitabu vidogo na vikundi vya kujisomea ziliwakusanya wananchi wengi mno. "Mtu ni Afya" peke yake ilipata washiriki wanaokaribia milioni 2. Hizo zilikuwa siku ambazo somo liliwafuata watu chini ya mwembe badala ya kuwangoja darasani, na yafaa tujivunie historia hiyo.

Hata hivyo, wapenzi wa lugha tunaruhusiwa kuuliza swali. Katika Kiswahili neno "mali" halisimami peke yake kwa muda mrefu. Hudai mwenyewe. Husemwa mali ya fulani, mali ya urithi, mali ya yatima, mali ya umma, mali ya wizi. Atakayekuambia "hii ni mali" akanyamaza, amekuachia sentensi iliyokatwa mkia, nawe hujui kama unakaribishwa au unafukuzwa. Misitu ni mali, ndiyo. Lakini mali ya nani? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kulijibu swali hilo kabla ya kampeni hiyo kuanza. Lilipotaja njia kuu za uchumi zinazopasa kuwa mikononi mwa wakulima na wafanyakazi, lilitanguliza ardhi, misitu, madini na maji, kisha ndipo likataja mabenki na viwanda. Waandishi wa Azimio walifahamu kwamba mti, udongo na mto ni sehemu ya suala la nani anamiliki na nani anatumikishwa. Leo somo la mazingira limeachwa katika sura moja ya kitabu, na somo la unyonyaji katika sura nyingine, na mwanafunzi huzisoma sura hizo mbili kana kwamba zinaeleza nchi mbili.

Urithi wa ukoloni

Elimu hii ya nusu haikuanza jana. Mwaka 1895 Dola ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya Dola. Maneno hayo "isiyo na mwenyewe" yalikuwa mtego. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba lilionekana halina mwenyewe. Malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi yalionekana hayana mwenyewe. Msitu wa tambiko, ambao hakuna aliyethubutu kuukata, nao ulionekana hauna mwenyewe, kwa kuwa haukuwa na jembe ndani yake. Aliyeihifadhi ardhi kwa hekima akahesabiwa kuwa ameitupa, na penye ardhi iliyotupwa yakafunguliwa mashamba makubwa ya mkonge, mpira na kahawa, na watu wakaitwa manamba.

Mwingereza naye alipokuja aliirithi mantiki hiyo, akaongeza somo. Katika miaka ya 1940 na ya mwanzo ya 1950 serikali yake iliingiwa na hofu kubwa ya mmomonyoko wa udongo. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, maana udongo ulikuwa ukienda. Lakini mshitakiwa alikuwa mmoja tu: mkulima Mwafrika, aliyesemwa kuwa ni mvivu na mjinga. Katika milima ya Uluguru watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwa nguvu, na asiyechimba alitozwa faini. Waluguru walilalamika kwamba kazi hiyo iliwala siku zao za kulima, na kwamba matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ulio mzuri. Hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955, huko Matombo, wananchi walikusanyika kuyakataa matuta. Risasi zikapigwa, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Waluguru waliukubali udongo kama wanavyoukubali mama yao. Walichokikataa ni kufundishwa kuutunza na mtu ambaye hakuwasikiliza.

Na sasa tuvuke milima hiyo kuelekea magharibi, mwendo usiofika hata siku mbili kwa lori la wakati huo, tufike Kongwa katika nchi ya Wagogo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, tanzu ya Unilever, aliipelekea Serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Afrika ya Mashariki ili kupunguza upungufu wa mafuta ya kula uliowakumba Waingereza baada ya vita. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu iliyo kubwa ilikuwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo ikaletwa kwa meli, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta ya kung'olea mibuyu na miti ya miiba. Katika mwaka wa kwanza zilitarajiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Udongo wa Kongwa, uliovuliwa majani yake, ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama sakafu, karanga zisiweze kung'oleka. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimekwenda na upepo pamoja na vumbi la Ugogo.

Mgogo aliyekuwa akichunga ng'ombe wake hapo alijua kwamba mvua ya Kongwa haina ahadi. Hakuulizwa. Basi tuyaweke mambo hayo mawili pamoja, kwa maana yalitendwa na serikali moja katika miaka inayofuatana: Mluguru mwenye jembe la mkono alitozwa faini kwa kuwa udongo wa kilima chake unaporomoka, na mtaji wenye vifaru ulipewa nchi nzima uivue nguo. Hatujapata kusikia kwamba yuko ye yote aliyetozwa faini kwa ajili ya udongo wa Kongwa.

Namna ubepari unavyohesabu

Kuna wanaodhani kwamba bepari huharibu mazingira kwa sababu ana roho mbaya. Sivyo. Bepari mmoja mmoja anaweza kuwa mpole, mcha Mungu, na mpenda maua. Kinachoharibu ni daftari lake. Daftari la ubepari lina kurasa mbili, ukurasa wa fedha inayotoka na ukurasa wa fedha inayoingia, na kisichokuwa na bei hakiandikwi po pote. Udongo uliochoka hauna bei. Kijito kilichokauka hakina bei. Miguu ya mama anayezidi kwenda mbali kutafuta kuni haina bei. Kwa hiyo, kadiri mwenye mtaji anavyoweza kuitupa gharama yake kwenye vitu visivyoandikwa, ndivyo faida yake inavyonona. Asiyefanya hivyo hushindwa na mwenziwe sokoni. Huo ndio mwendo wa mashine yenyewe, na mwanafunzi asiyeufahamu atadhani kwamba mahubiri ya tabia njema yanatosha.

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tunaufahamu. Karanga ziliposhindwa, ardhi ya Urambo iligeuzwa katika miaka ya 1950 kuwa mashamba ya tumbaku, na tangu hapo tumbaku imekuwa ndiyo roho ya uchumi wa Urambo na sehemu nyingi za Tabora. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, mchana na usiku, kwa muda wa wiki moja hivi. Moto huo hutokana na kuni, na kuni hizo kwa miaka mingi zilitoka katika miombo. Mti uliochukua miongo kadhaa kukua huwa majivu kabla ya mnada kufika. Sasa tuisome stakabadhi ya mkulima. Imeandikwa mbolea na dawa alizokopeshwa. Hizo hukatwa kwanza. Umeandikwa uzito wa marobota. Limeandikwa daraja la jani, na daraja hilo huamua bei. Je, mti umeandikwa wapi? Haukuandikwa. Mvutaji wa sigara katika mji wa mbali amelipia jani, karatasi, usafiri, matangazo na kodi. Mmiombo uliolikausha jani lake ameupata bure. Na mti huo uliotolewa bure ndio ulioitwa baadaye "uharibifu wa mazingira unaofanywa na wakulima wa Tabora". Siku hizi mkulima huyo huhimizwa, na mara nyingi hudaiwa, apande miti ya kukaushia tumbaku yake. Ni vema apande. Lakini tuone ni nani aliyebebeshwa tena mzigo: mwenye jembe, si mwenye kiwanda.

Mfano wa pili unatoka katika Ziwa Viktoria. Sangara aliingizwa katika ziwa hilo katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa kila upande. Furu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha watu wa pwani ya ziwa, walimezwa. Aina zikadiriwazo kufika 200 hazionekani tena. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na miji mingine ya kando ya ziwa. Minofu ikasafirishwa kwenda Ulaya na kwingineko, mabondo yakatafutiwa masoko ya Mashariki ya Mbali, na wenyeji wakabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwanguliwa nyama. Mama alikaanga mapanki, akayauza gengeni, na watoto wakala. Sangara walipoanza kupungua, aliyetafutwa kwanza alikuwa mvuvi mwenye kokoro na nyavu za macho madogo. Hatumtetei, kokoro ni adui wa kizazi cha samaki. Lakini kama somo letu linamtaja mvuvi wa kokoro na halitaji njaa ya viwanda iliyotaka tani kila siku, basi tumemtaja mwizi wa kuku tukamsahau mwizi wa ng'ombe.

Neno "uchumi" limetokana na kitendo cha kuchuma, nacho kina adabu yake: mchuma embe huuacha mwembe umesimama, ili achume tena mwakani. Ubepari umelitwaa neno hilo ukaligeuza maana. Hukata mti ili upate embe, kisha husafiri kwenda kutafuta mwembe wa jirani. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu wa leo amefanikiwa kuchuma janga likaliwa na wa kwetu.

Majibu kwa wapinzani

Wapo watakaotukabili kwa hoja, na yafaa tuzijibu kwa heshima.

Watasema kwanza kwamba tunamtakasa mkulima. Hatumtakasi. Msitu ulioisha Pwani, Morogoro na Tanga kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam uliishia kwa mikono ya wananchi wenzetu, na bandu bandu huisha gogo, awe anayebandua ni maskini au tajiri. Lakini mchoma mkaa hukesha kando ya tanuru kwa sababu mahindi yake hayakupata bei, na mpika mkaa wa mjini hununua kwa kopo kwa sababu mshahara wake haumruhusu kununua mtungi wa gesi kwa mara moja. Ndiyo maana tunaupokea kwa mikono miwili Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Huo unakiri jambo tunalolisema: mpikaji hataacha mkaa kwa kuhubiriwa, ataacha akiwa na uwezo wa kupika kwa kitu kingine.

Watasema pili kwamba hata nchi zilizojiita za kijamaa ziliharibu mazingira. Ni kweli, na hatuna haja ya kuificha kweli hiyo. Katika Umoja wa Kisovyeti, maji ya mito iliyoilisha Bahari ya Aral yaligeuzwa tangu miaka ya 1960 kwenda kumwagilia pamba, na bahari ile ikakauka, imebaki sehemu ndogo tu. Hapa kwetu, Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu wengi mahali pamoja kwa haraka, na udongo uliozunguka baadhi ya vijiji ukalimwa mfululizo bila ya kupumzishwa. Mambo hayo hayaubatilishi ukosoaji wetu, bali yanauongezea makali. Yanaonyesha kwamba mali inaweza kuandikwa jina la umma na bado hesabu yake ikafanywa kwa tani peke yake, pasipo wenyeji kuulizwa. Penye daftari lisilo na safu ya udongo, udongo hufa, awe aliyeshika kalamu ni bepari au ofisa. Kwa hiyo swali la "mali ya nani" lina maana mbili: nani anaandikwa kuwa mwenyewe, na nani anaulizwa kabla ya shoka kupigwa.

Watasema tatu kwamba tunaingiza siasa darasani. Tunawajibu kwamba siasa ilikuwamo tangu siku ile mwanafunzi alipofundishwa orodha yenye wanyonge watupu. Mwezi Oktoba 1977 mataifa yalikutana mjini Tbilisi kuzungumza juu ya elimu ya mazingira, na yakakubaliana kwamba elimu hiyo sharti iwafumbue watu macho waone jinsi uchumi, jamii, siasa na mazingira vinavyotegemeana, mjini na vijijini. Anayeitaka elimu ya mazingira isiyogusa uchumi ndiye anayekwenda kinyume cha makubaliano hayo.

Hazina iliyomo katika utamaduni

Makala haya yanachapishwa katika kitabu cha utamaduni wa taifa, na huenda msomaji akauliza tumbaku na sangara vimeingiaje humo. Vimeingia kwa sababu utamaduni ni zaidi ya ngoma na mavazi. Ni pamoja na kanuni ambazo jamii imejiwekea juu ya nini kichumwe, kiasi gani, na lini mtu aseme basi.

Wamatengo wa Mbinga, wanaokaa katika miteremko mikali, wamelima ngoro kwa zaidi ya miaka 100. Hukata majani, wakayalaza kwa mistari inayokatizana mfano wa viraba, wakayafunika kwa udongo, na katikati ya kila kiraba pakabaki shimo. Mvua inyeshapo, maji huingia mashimoni yakatulia badala ya kukimbia na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Hakuna aliyewatoza faini ili wafanye hivyo.

Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho lililofungwa masika yanapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Shinyanga iliharibiwa kwa hatua nyingi: vichaka vilifyekwa tangu miaka ya 1920 kwa amri ya serikali ya kikoloni ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuliwa, na baadaye watu walipohamishiwa vijijini ngitili nyingi zikapotea mikononi mwa waliozitunza. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Faida yake kubwa ilikuja pale wataalamu walipokubali kujifunza kutoka kwa wazee na kuzirudisha ngitili kwa kaya na vijiji vyenyewe. Wakati mpango unaanza, ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Katika muda usiofika miaka 20 zilizidi hekta 300,000. Mbegu na miche vilisaidia, lakini hasa walijua ngitili ni mali ya nani, na mwenye mali akailinda.

Hatusemi kwamba wahenga hawakukosea, wala hatutaki kurudi nyuma. Tunasema kwamba kuna hesabu nyingine tofauti na ile ya kurasa mbili, nayo imekwisha kufanywa hapa hapa, kwa Kikwetu, ikazaa matunda.

Kazi ya mwalimu

Sasa tuje kwenye kazi. Hatudai somo jipya, wala hatudai vitabu vya gharama. Tunadai swali moja liongezwe katika kila kipindi cha mazingira: nani alifaidi?

Mwalimu wa jiografia na awape wanafunzi wake gunia moja la mkaa walifuatilie. Waanze kwa mchomaji: aliuza kwa bei gani? Kisha mwenye pikipiki, kisha kizuizi cha ushuru, kisha lori, kisha mwuzaji wa jumla, kisha mama anayepima kwa kopo. Waandike bei ya kila kituo ubaoni. Halafu wachore safu ya mwisho, waiite "umri wa mti", waulize ni nani kati ya hao wote aliyeulipia. Safu hiyo itabaki tupu, na utupu wake utawafundisha zaidi ya hotuba. Walio Mwanza na wafanye hivyo kwa sangara, walio Tabora kwa tumbaku, walio Tanga kwa katani, walio Geita kwa dhahabu.

Mwalimu wa uraia na awafundishe kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiwezesha kijiji kutenga msitu wake, kuutungia kanuni na kupata mapato yake. Kijana anayemaliza shule bila ya kulijua hilo ameelimishwa kuwa mlinzi wa mali ya wengine. Aidha, awaeleze juu ya biashara ya kaboni, iliyotungiwa kanuni nchini mwaka 2022, ambamo msitu huuzwa ukiwa umesimama. Wapo wanaovuna mapato humo, miongoni mwao Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, na hatuwaonei wivu. Lakini mwanafunzi na aulize kama anavyouliza juu ya gunia: mkataba umeandikwa kwa lugha gani, kijiji kinapata sehemu gani, na yule mnunuzi wa mbali anapunguza moshi wake, au ananunua ruhusa ya kuendelea kuutoa?

Na mwalimu wa Kiswahili, ambaye mara nyingi hudhani kwamba mambo haya hayamhusu, na airudishe ile sentensi iliyokatwa mkia. Awape wanafunzi neno "mali" walitafutie mwenyewe. Sisi tumelijaribu kwa ubeti huu:

Msitu ukiwa mali, tuulize ni ya nani,
Mwenye shoka ni dhalili, mnunuzi yu mjini,
Faida huenda mbali, hasara hubaki chini,
Mwalimu sema ukweli, wanafunzi wabaini.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba ili kijana asije akadharau jasho. Shule zetu bado zina miti ya kupanda na bustani za kumwagilia, na kazi hiyo iendelee. Lakini jasho bila ya hesabu ni utumwa, na mtoto anayepanda mti sharti ajue utakapokomaa utavunwa na nani, kwa bei ya nani, na kwa amri ya nani. Siku mtihani utakapouliza sababu za kutoweka kwa misitu, na mwanafunzi akaandika mkaa, moto na mifugo, kisha akaongeza kwa mkono wake mwenyewe jina la soko lililoidai misitu hiyo, basi msahihishaji asilikate jibu hilo. Alipe alama.